"Fundi, hii shokapu imekufa": kutafuta kosa kati ya fremu na foku ya baiskeli ya mlima

Sentensi hiyo naisikia karibu kila Jumamosi hapa Arusha, na aghalabu si kweli. Shokapu iko hai. Imefungwa tu kwenye fremu isiyolingana nayo, au imefungwa kinyumenyume, au haijaongezwa upepo tangu iliposhushwa kwenye kontena la mitumba. Nazungumzia baiskeli za mlima zenye shokapu mbele peke yake, ambayo ndiyo foku, zile ambazo nyuma ni fremu kavu. Wapenzi wa baiskeli wanaziita haditeli. Kwa njia zetu ni baiskeli nzuri: vitu vya kuharibika ni vichache, kupanda ni wepesi, na hela inayobaki unaiweka kwenye tairi.

Shida ni namna zinavyonunuliwa. Mtu anaipenda foku kwanza, inang'aa na ina maandishi makubwa, halafu anatafuta fremu ya kuivalisha. Inatakiwa iwe kinyume chake: fremu ndiyo inayochagua foku. Kwa hiyo kabla hujashika spana, shika tepu ya kupimia. Dalili zenyewe ni hizi.

Tairi la mbele linatangatanga ukipanda

Kijana mmoja aliniletea fremu ya alumini ya ringi 26, ya zamani lakini safi kabisa. Foku aliyoiweka ilitoka kwenye baiskeli ya ringi 29. Kwenye tambarare alikuwa anaenda vizuri. Akianza kupanda kuelekea Olgilai, pua inanyanyuka na tairi la mbele linakwenda kushoto na kulia kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Alikuwa ameshabadilisha tairi mara mbili.

Nikaweka tepu katikati ya ekseli, nikaipandisha hadi kwenye taji la foku, pale beringi ya chini inapokaa. Milimita 530. Foku yenye mchezo (umbali inaoweza kubonyea) wa milimita 100 iliyotengenezwa kwa ringi 26 huwa karibu milimita 470. Alikuwa ameongeza milimita 60 mbele bila kujua, kwa sababu yeye alisoma "mchezo milimita 120" akahesabu kwamba ameongeza 20 tu.

Urefu huo wa ekseli hadi taji ndio namba ya kwanza ya kuulizia, kabla ya mchezo wa foku. Kila milimita 20 unazoongeza zinalaza kichwa cha fremu, ile paipu fupi ya mbele inayobeba foku, kwa takriban nyuzi 1. Fremu ya kijana ilizaliwa na pembe ya nyuzi 70. Sasa ilikuwa kama 67. Usisikilize wanaosema eti 67 ndiyo pembe ya kisasa. Fremu za kisasa zenye pembe hiyo zimerefushwa mbele na siti yake imesimamishwa ili kufidia. Yake haikufidiwa chochote: siti nayo ililala nyuzi 3, uzito wake ukahamia nyuma ya mhimili wa pedeli, na mhimili wenyewe ukapanda juu zaidi ya sentimita 2. Ukiwa umekaa nyuma hivyo kwenye mlima, tairi la mbele litashika ardhi na nini?

Tiba ilikuwa foku fupi. Tulipata ya milimita 475, ya koili (springi ya chuma badala ya upepo), mbaya kwa sura. Ile nzuri aliiuza.

Kama urefu wa foku uko sawa na bado tairi linatangatanga, angalia mambo mawili. Siti imesukumwa nyuma kabisa kwenye reli zake? Isogeze mbele. Foku ina upepo mwingi kiasi kwamba haizami hata kidogo ukikaa? Hiyo nayo ni foku ndefu kwa jina lingine.

Ukishuka unahisi utarushwa juu ya usukani

Hapa kuna jambo ambalo haditeli inalo na baiskeli yenye shokapu mbili haina. Foku ikibonyea, nyuma haibonyei, kwa hiyo baiskeli nzima inainama ikizungukia ekseli ya nyuma. Ile hesabu ya nyuzi 1 kwa milimita 20 inafanya kazi na upande huu. Foku yenye mchezo wa milimita 120 ikizama yote, kichwa kinasimama kwa nyuzi 6 hivi, na hilo linatokea wakati mbaya kuliko wote: umebana breki, uko kwenye mteremko, mbele kuna jiwe.

Ndiyo maana sishauri mtu aweke foku ya milimita 160 kwenye haditeli kwa kuamini kwamba mchezo mrefu ni usalama. Kati ya foku kuwa juu kabisa na kuwa chini kabisa unaendesha baiskeli mbili tofauti. Kwa njia za huku, kati ya milimita 100 na 130 zinatosha, na fremu yenye pembe ya nyuzi 66 hadi 68 inakusamehe makosa mengi. Fremu za zamani za nyuzi 70 au 71 zilitengenezwa kwa mbio. Zinakwenda, lakini lazima mwendeshaji awe macho.

Sababu nyingine za dalili hii ni rahisi kuzitibu. Stemu (kile kipande kinachoshika usukani) ya milimita 110 inakuning'iniza juu ya tairi la mbele; weka ya 60 au 70, lakini kwenye fremu fupi ya zamani usishuke hadi 35 maana magoti yatagonga usukani. Au upepo ni mdogo na foku inazama kila ukigusa breki. Kaa kwenye baiskeli na mzigo wako wote, taratibu, kisha shuka bila kubonyeza. Kile kipete cha mpira kwenye mguu wa foku kitakuonyesha imezama kiasi gani. Kama kipete hakipo, funga kamba ya plastiki ya kubania waya. Foku ya milimita 100 izame 15 hadi 25, basi. Ukikuta 40, ongeza upepo kwa pampu ya shokapu, si ya tairi. Ile ya tairi haina kipimo cha kuaminika na inapoteza nusu ya upepo ukiichomoa.

Vidole vya mguu vinagusa tairi, na usukani unaanguka upande

Foku imefungwa kinyume. Usicheke, nimeikuta hata kwenye baiskeli mpya dukani. Simama pembeni uangalie: kitovu cha ekseli lazima kiwe mbele kidogo ya mstari wa miguu ya foku. Kikiwa nyuma, fungua stemu, geuza. Watu hutumia lile daraja linalounganisha miguu kama alama na kusema lazima litazame mbele. Kwa foku nyingi ni kweli, ila za Manitou daraja lake liko nyuma kwa makusudi, na nimeshaona fundi mwenye nia njema "akirekebisha" moja. Angalia ekseli.

Mgongo, viganja, magoti

Hapa ni saizi, na sitakaa sana. Herufi S, M na L kila kiwanda kina zake, na ile namba ya inchi 17 au 19 kwenye fremu za zamani inapima paipu ya siti tu, ambayo unaweza kuirekebisha kwa kupandisha siti. Usichoweza kurekebisha ni urefu wa mbele. Pima mlalo kutoka katikati ya nguzo ya siti hadi katikati ya kichwa cha fremu, ulinganishe na baiskeli ambayo ukiiendesha saa mbili mwili haulalamiki. Viganja vikifa ganzi na kiuno kikiuma, mara nyingi fremu ni ndefu. Magoti yakiuma kwa mbele, pandisha siti kwanza kabla hujailaumu fremu.

Foku haiingii, au inaingia halafu haifungi

Hili ndilo eneo ambalo watu wa mitumba wananunua mbuzi kwenye gunia. Beba veneya, kile kipimo cha kubana cha mafundi, sokoni. Nayo ni bei ndogo kuliko foku usiyoweza kuirudisha.

Shingo ya foku, yaani paipu inayoingia kwenye kichwa cha fremu, huja kwa aina mbili ambazo utakutana nazo. Ya kwanza imenyooka, inchi 1⅛, yaani milimita 28.6 juu hadi chini. Ya pili ni ya kutanuka: juu 28.6, chini inchi 1.5. Fremu nayo pima tundu la kichwa upande wa chini. Ukikuta kama milimita 34, ni shingo iliyonyooka peke yake. Ile ya kutanuka haitaingia, hata fundi akuahidi nini. Ukikuta 44 juu na chini, una bahati: kikombe cha beringi cha chini, cha kukaa nje, kinaipokea shingo ya kutanuka, na chenye adapta kinapokea iliyonyooka. Ukikuta 44 juu na 56 chini, fremu ni ya kutanuka, na foku iliyonyooka inaingia kwa kipete cha kupunguzia. Kwa kifupi, foku nyembamba kwenye fremu pana inawezekana. Foku pana kwenye fremu nyembamba ni ndoto.

Kisha urefu wa shingo. Foku ya mtumba ilikatwa kwa ajili ya fremu ya mtu mwingine. Chukua urefu wa kichwa cha fremu yako, ongeza vikombe, ongeza stemu. Kichwa cha 120, vikombe 28, stemu 40: jumla 188, na shingo inatakiwa iishie kama milimita 3 chini ya mdomo wa stemu. Kwa hiyo foku yenye shingo ya 160, muuzaji akikuambia "itakaa tu, bosi", mshukuru uondoke. Na asitokee mtu wa kukuungia kipande kwa welding. Ile shingo ndiyo inayobeba meno yako.

Habu (kitovu cha gurudumu): ekseli nyembamba ya kubana kwa kishikio inahitaji nafasi ya milimita 100 mbele. Ekseli nene ya 15 ipo ya nafasi ya 100 na ipo ya 110, nazo haziingiliani. Muulize muuzaji ekseli yenyewe iko wapi, kwa sababu mara nyingi foku imefika na ekseli imebaki Ulaya.

Breki: kama rimu zako ni za breki za mpira, hakikisha foku ina vile vijiti viwili vya kufungia. Foku nyingi za miaka ya karibuni hazina. Za diski, pima kati ya bolti mbili za kalipa: 74 ni za kufunga moja kwa moja, 51 ni zile za zamani zinazotaka adapta.

Inagonga: ko, ko, ko

Sauti hii ina baba wanne, na ukiwa barabarani ni rahisi kuwachanganya.

Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku kidole cha mkono mwingine kimezunguka pale fremu inapokutana na taji la foku. Ukihisi kucheza pale, ni hedseti (beringi za kichwa cha fremu) imelegea. Legeza bolti za pembeni za stemu, kaza ile ya juu taratibu hadi kucheza kuishe na usukani bado uzunguke laini, kisha kaza za pembeni. Watu wengi hukaza ya juu bila kulegeza za pembeni, halafu wanashangaa kwa nini haisaidii.

Kama pale juu pametulia, geuza usukani nyuzi 90, rudia. Kidole sasa kiweke kwenye sili, ule mpira wa kuzuia vumbi pale mguu mwembamba unapoingia kwenye mguu mnene. Ukihisi kucheza hapo, ni bushi zimelika, zile pete za ndani ambamo mguu unateleza. Kucheza kidogo kabisa ni kawaida. Kukiwa kwa kuonekana kwa macho, foku ile ipe bei ya chuma chakavu, kwa sababu bushi zinataka vifaa maalum kuzitoa na kuzipigilia, na gharama mara nyingi inazidi foku yenyewe.

Wa tatu ni pedi za breki zinazocheza ndani ya kalipa. Zinagonga mara moja tu unapobana, basi. Achana nazo.

Wa nne hagongi, analia: kwii, kwii ukisimama kwenye pedeli na kuvuta usukani. Kama hedseti ni safi na ina grisi, sauti inatoka pale shingo ilipopigiliwa kwenye taji. Zile zimeshindiliwa kiwandani, hazina bolti. Usimwage gundi wala usichomee. Sehemu yote ya juu inabadilishwa, na kwa mtumba maana yake ni kutafuta foku nyingine.

Haichezi kabisa

Anza na cha aibu: kile kitufe cha juu ya mguu wa kulia kimefungwa? Nusu ya "maiti" ninazoletewa zinafufuka hapo.

Kama kimefunguliwa, toa upepo wote kupitia kijinyonyo (valvu) cha mguu wa kushoto kisha bonyeza. Ikishuka kwa urahisi, ulijaza mno. Ikiwa bado ngumu bila upepo, sili zimekauka au bushi zimejaa vumbi. Fungua miguu ya chini, safisha, badilisha sponji na mafuta. Kazi hii inatakiwa kila baada ya saa 50 hivi za kuendesha, na kwa vumbi la huku ningesema msimu wa kiangazi usisubiri hata hizo. Ila usisafishe kwa petroli. Najua ndiyo tunayosafishia kila kitu. Petroli inavimbisha mpira wa sili, na foku inarudi mwezi ujao ikivuja.

Foku za koili za watu wa pwani zina tatizo lao. Miguu ya chuma iliyopakwa kromu inaota kutu kwa chumvi, na kutu ile ni msasa kwenye sili. Pitisha ukucha juu hadi chini. Ukucha ukinasa, usinunue.

Inakuwa ngumu kadiri unavyokwenda

Kwenye barabara ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka, vile vijituta vya vumbi vinavyofuatana, foku inaanza vizuri na baada ya nusu kilomita mikono inatetemeka kama umeshika mashine ya kukata majani. Mtu anapunguza upepo. Inazidi.

Kosa liko kwenye kurudi, halipo kwenye kubonyea. Foku inapigwa na kijituta cha pili kabla haijarudi kutoka cha kwanza, cha tatu inazama zaidi, hadi inabaki chini haina mchezo. Chini ya mguu wa kulia kuna kitufe, mara nyingi chekundu. Kwenye RockShox kimechorwa kobe upande mmoja na sungura upande wa pili. Sogeza kwa sungura, hatua mbili kwa wakati mmoja, jaribu kipande kilekile. Ukipitiliza, tairi litaanza kurukaruka lenyewe kama mpira. Rudi hatua moja kwa kobe. Foku nyingi za bei ya chini hazina kitufe hiki kabisa, na kwa barabara kama hiyo ningelipia kitufe hicho kabla sijalipia kingine chochote.

Imezama na haitaki kupanda

Foku ya upepo imebaki fupi, milimita 100 zimekuwa 70, na ukipampu inakuwa ngumu bila kurefuka. Upepo umepita sili ya pistoni na kujikusanya chumba cha chini, unaivuta foku kutoka ndani. Toa wote, pampu tena polepole huku ukibonyeza mara kadhaa. Ikirudia baada ya siku mbili, sili ya pistoni imechoka. Hiyo ni kazi ya pete za mpira, si kazi ya kubadili foku, ilimradi upate pete za modeli yako.

Baiskeli inavuta upande, au fremu inatoa mlio

Funga uzi kwenye sikio la nyuma la ekseli, upitishe mbele kuzunguka kichwa cha fremu, urudi hadi sikio la pili. Pima nafasi kati ya uzi na paipu ya siti, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita 1 au 2 ivumilie. Ikizidi 4, fremu imepinda. Kama ni sawa pande zote, mtuhumiwa ni foku au ringi.

Halafu pitisha kidole chini ya paipu ya chini, sentimita chache nyuma ya kichwa. Rangi iliyokunjamana au kivimbe kidogo hapo kinasema baiskeli iliwahi kugonga kitu kwa mbele, hata muuzaji aape. Angalia pia juu ya paipu ya siti: waliopandisha nguzo kupita alama yake huacha ufa hapo. Ufa kwenye fremu ya chuma, fundi mzuri wa welding anauweza. Kwenye alumini usichomee. Alumini ya fremu nyingi, 6061, hupikwa upya kwenye tanuri kiwandani baada ya kuchomwa ndipo inapata nguvu. Bila tanuri, kando ya ule mshono mpya patakuwa laini, na pataachia tena hapohapo.

Dar ilikuwa laini, huku imekuwa ngumu

Hii nilidhani ni maneno ya wateja hadi iliponipata. Foku ikifungwa usawa wa bahari, miguu ya chini inafungia hewa ya pale. Ukiipandisha Arusha, karibu mita 1,400, hewa ya nje imepungua kwa kama psi 2. Ukifika ukingo wa Ngorongoro imezidi 3. Ile ya ndani haina pa kutokea. Inazisukuma sili, na ukibonyea hadi mwisho foku inakataa sentimita za mwisho. Foku mpya za Fox 36 na 38 zina vitufe vyake nyuma ya miguu kwa ajili hiyo. Sisi wengine tunatumia kamba ya plastiki ya kubania waya: nyembamba, kingo zimesuguliwa, imepakwa mafuta. Futa vumbi kwenye sili, baiskeli isimame bila mtu, chomeka ncha taratibu kati ya sili na mguu. Bisibisi isikaribie hapo. Utasikia fyuu fupi. Rudia mguu wa pili, futa mafuta yaliyotoka, kisha pima tena foku inazama kiasi gani.